Ukucha wa Dada Sikudhani

Habari hizi si za zamani, wala si za hapa kwetu. Ni za nchi moja iliyo mbali sana, ambako watu hutawaliwa kwa mapenzi, na nyinyi mnaosoma hamjawahi kufika huko, kwa hiyo msianze kutazamana. Jina la nchi hiyo siwezi kulitaja kwa kuwa limepelekwa kwenye kamati, ili litafutwe jingine refu zaidi. Mimi ni mwenyeji wa huko. Naitwa Mshamu, Karani wa Kucha Daraja la Kwanza, Wilaya ya Saba. Mkiona herufi zangu zimelala ubavu mniwie radhi. Naandika kwa mkono wa kushoto, na sababu yake mtaijua kabla sijamaliza.

Kwanza niwaeleze kazi yangu, maana najua kwenu haipo.

Hapo awali nchi yetu ilikuwa inapiga kura kwa karatasi. Ilikuwa taabu tupu. Karatasi ziliibwa, zililoa, nyingine zilikutwa zimeshapigwa siku mbili kabla ya uchaguzi, na wapinzani wakawa wanalalamika mpaka wakachoka, na wasiochoka wakachoshwa. Ndipo Mpendwa wa Wote, ambaye ndiye Rais wetu, alipoamua tuachane na karatasi tuhesabu kucha. Siku ya uchaguzi kila mtu mzima anachovya kidole cha shahada cha mkono wa kulia ndani ya chungu cha wino wa kijani, ambao maana yake ni ndiyo. Chungu cha wino mwekundu, ambao maana yake ni hapana, nacho kipo. Kipo kimoja, na kimehifadhiwa makao makuu kwa usalama wake. Wino ule hautoki kwa sabuni wala kwa kusugua na jiwe. Unakaa kwenye ukucha, na ukucha huo ndio kura yako.

Sasa, kura haikatwi. Ukipunguza ukucha umepunguza kura, na ukiung'oa umeondoa mapenzi yako kwa Mpendwa wa Wote, na kifungo chake ni miaka saba. Kwa hiyo ukucha ule unaachwa ukue kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine, miaka mitano. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi wananchi hujipanga mbele ya ofisi yangu, wananyoosha kidole, mimi nahesabu na kupaka wino pale ukucha mpya ulipochomoza. Wilaya ya Saba ina kura 40,117. Nasema ina, sisemi ilipata, kwa sababu idadi hiyo ilitangazwa redioni wiki moja kabla ya uchaguzi, na kazi yetu tangu hapo ni kuitunza isipungue. Ikipungua hata moja, karani anaandika barua ya maelezo. Karani wa Wilaya ya Nne aliandika ya kwake, akaambiwa aipeleke mwenyewe makao makuu, na mpaka leo mke wake anatuuliza kama tumesikia lolote.

Ndiyo maana ukifika nchi yetu utakuta kila mtu mzima ana ukucha mmoja mrefu wa kijani. Wapishi wanakanda unga kwa vidole tisa. Wauguzi wanachoma sindano kwa mkono wa kushoto. Watu wamezoea, na asiyezoea hasemi.

*

Dada yangu Sikudhani alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Sare yangu ya kwanza ya shule aliishona kutokana na pazia la sebuleni, na wenzangu walinicheka mwaka mzima kwa sababu ya maua yake, lakini sikukosa shule hata siku moja. Alikuwa mjane, anaishi peke yake mtaa wa nyuma ya ofisi yetu, na cherehani yake aliiweka barazani ili wapita njia waione kazi.

Mwaka wa pili baada ya uchaguzi tulitangaziwa kwamba Mpendwa wa Wote atakuja wilayani kwetu kuadhimisha miaka thelathini ya mapenzi. Nilimpelekea dada kitambaa anishonee shati, nikamwambia nalitaka keshokutwa.

"Mdogo wangu, nina sare za wanafunzi hapa. Shule zinafunguliwa Jumatatu."

"Dada, hili ni shati la kitaifa."

Alicheka. "Haya, lete hilo taifa lako nilipime mabega."

Kesho yake nikapita kuangalia, nikamkuta kwenye kola. Anayeshona kola husukuma kitambaa kwa ncha za vidole, karibu kabisa na sindano, na dada kwa miaka miwili alikuwa amejifunza kukipinda kidole cha shahada pembeni ili ukucha usiguse chuma. Mimi nilikuwa namhimiza. Kitambaa kikateleza, ukucha ukanasa, ukavuta kidole, na sindano ikashuka juu ya ukucha, ikazama, ikavunjika. Ncha ikabaki ndani.

Alisema "Aah" mara moja tu, akanitazama. Nitasema ukweli, kwa kuwa sina tena sababu ya kuuficha. Mimi nilichotazama kwanza si uso wake, ni ukucha, kama umepasuka. Haukupasuka. Nikashukuru.

*

Siku ya tatu kidole kilikuwa kimevimba na kinamgonga usiku kucha. Majirani wakasema ni mdudu wa kidole, akichovye kwenye maji ya moto yenye chumvi. Akachovya mpaka ngozi ikatoka malengelenge. Mdudu hakuondoka, kwa kuwa hakuwa mdudu, alikuwa chuma. Siku ya tano nikampeleka zahanati.

Daktari Lukindo, mwembamba, mpole, daktari pekee tuliyekuwa naye, alikikamata kidole kwa upande wa kiganja na kukibonyeza taratibu.

"Hii ni kazi ya dakika kumi, mama," alisema. "Tunatia ganzi, tunang'oa ukucha, tunatoa hicho chuma, usaha unatoka, unarudi kwenye cherehani yako."

Dada alifumba macho kwa raha. Daktari akachukua koleo lake dogo kwenye sinia, akafungua kitambaa kilichozungushwa, akageuza kidole kwenye mwanga wa dirisha. Akauona ukijani. Akalirudisha koleo kwenye sinia bila kutoa sauti.

"Mama, hii ni kura."

"Ni kidole, daktari."

"Kidole ni chako, nakitibu hata sasa hivi. Ukucha si wako. Una kibali?"

Ukutani palikuwa na mchoro wa mwili wa binadamu uliotolewa na serikali, umepakwa rangi kufuatana na wizara. Tumbo lilikuwa chini ya Wizara ya Kilimo. Ulimi ulikuwa chini ya Habari. Wizara ya Afya ilikuwa na sehemu kubwa tu, sitaki kusema uongo, lakini ilikuwa inakomea kwenye nyama, pale ukucha wa kidole cha shahada unapoanzia. Kutoka hapo ni Tume ya Uchaguzi.

"Lakini uchungu uko chini ya ukucha," dada alisema.

"Najua."

"Sasa utaufikiaje?"

Daktari akachungulia mlangoni kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, daktari aliyekuwa hapa kabla yangu alimng'oa ukucha fundi mmoja aliyejiponda na nyundo. Mimi nililetwa kuziba nafasi yake. Nenda ukaombe kibali. Nenda leo."

Akampa vidonge vinne vya maumivu. Dawa za kuua vijidudu hazikuwepo. Kisanduku kilichokuja mwezi ule kilipofunguliwa kilikutwa kimejaa picha za Mpendwa wa Wote akimeza vidonge.

*

Alipokuja ofisini nilimwambia apange foleni, mtu asije akasema karani anapendelea nduguze. Alipanga tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba, mkono ameuinua juu begani kwa kuwa ukishuka damu inagonga. Kila aliyempita alidhani anashangilia, akainua wake kumjibu.

Ofisini kwetu kibali huanzia kwenye Fomu Namba Tisa, Ombi la Kugusa Kura. Nilimsomea maswali, naye akajibu.

"Je, ukucha unaoombewa kibali bado unampenda Mpendwa wa Wote?"

"Mshamu!"

"Dada, jibu ndiyo au ndiyo sana."

"Ndiyo sana."

Mwisho wa fomu mwombaji anatakiwa kutia alama ya kidole kinachohusika, kwa kukikandamiza. Nikamshika kifundo cha mkono ili alama isiende kombo, kwa kuwa ikienda kombo fomu inarudiwa. Alikandamiza. Machozi yalimtoka bila yeye kulia, yakadondokea kwenye fomu, nikayakausha kwa karatasi ya kukaushia wino. Fomu ilitoka safi.

Mkurugenzi wa Kucha wa wilaya, Bwana Ngwanda, aliisoma huku amesimama, kama asomavyo kila kitu chenye jina la Rais.

"Karani, huyu mwananchi ana vidole vingapi?"

"Kumi, mheshimiwa."

"Visivyo na kura ni vingapi?"

"Tisa, mheshimiwa."

"Basi nieleze. Vidole kumi vipo mezani. Sindano haisomi, haina chama, haijui uchaguzi. Ilikijuaje kidole chenye kura?" Akanyamaza ili nione jinsi alivyofikiri. "Ndugu Karani, ukucha si mali ya kidole. Kidole ni mti tu wa kuinulia bendera. Leo tukikubali uchungu uwe sababu, kesho wilaya nzima itakuwa na uchungu. Nani hana uchungu? Hata mimi ninao, lakini nimeuweka chini ya uongozi. Ita tume."

Ningeweza kumwambia kwamba shati lilikuwa langu na kwamba mimi ndiye niliyemharakisha. Sikumwambia. Nikapiga mhuri, nikaandika barua ya kuita tume, na barua ikaanza safari ya kwenda makao makuu kupitia ofisi kumi na moja.

*

Jumapili, siku ya tisa, nilimpelekea uji. Nilimkuta ameketi barazani mbele ya cherehani, sare za wanafunzi zimelundikwa pembeni hazina mikono. Kidole kilikuwa kimekuwa cheusi kuzunguka ukucha, na chini ya ngozi palikuwa na rangi ya kijani kibichi. Kwapani alikuwa ameota mtoki. Uji hakuutaka.

"Mshamu," aliniambia. "Plaizi iko kwenye droo ya cherehani. Ile ya kutolea sindano zilizovunjika."

"Ya nini, dada?"

"Ng'oa wewe. Mimi nitang'ata kanga, sitapiga kelele. Mtu hatajua."

"Ijumaa ni hesabu."

"Nitanyoosha kidole kama wenzangu."

"Hawahesabu vidole, dada, wanahesabu kucha. Na anayehesabu ni mimi. Nitaandika nini?"

Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. Alinitazama kama siku zile nilipokuwa narudi shuleni nimechaniwa sare, anatafuta wapi pa kuanzia kushona.

"Basi nipe nijing'oe mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wa kushoto naweza."

Nikafungua droo, nikaitoa plaizi, nikaitia mfukoni mwangu. Nilimwambia kibali kiko njiani, avumilie siku mbili tatu, kwamba akijing'oa atafungwa miaka saba na mimi nitapoteza kazi, na kazi ikipotea nani atamtunza? Niliongea vizuri sana. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba namlinda.

*

Tume ilifika Jumatano na magari matano. Walikuja na rula, mpiga picha, mtaalamu wa rangi na mwenyekiti, Profesa Tindwa, aliyesomea kucha ng'ambo. Dada aliwekwa kwenye kiti katikati ya zahanati. Alikuwa anatetemeka kwa homa, nao wakamwomba asitikisike, picha zinaharibika.

Mtaalamu wa rangi akapima. Akapima tena. Akamnong'oneza mwenyekiti.

"Mabibi na mabwana," alisema Profesa Tindwa, "tuko mbele ya jambo ambalo sayansi haijapata kuliona. Kijani kimevuka mpaka wa ukucha. Kimeshuka kiungo cha kwanza, kimepita kiungo cha pili, na kinaelekea kiganjani."

"Profesa, hiyo ni sumu inapanda," Daktari Lukindo alisema kutoka pembeni. "Hicho ni kidole kinachooza. Nipeni ruhusa nimfanyie sasa hivi, mkono wake bado unaokoleka."

"Daktari, wewe ni wa nyama."

"Na hii ni nyama!"

"Ni nyama yenye kura," mwenyekiti alimjibu kwa upole. "Wananchi wa kawaida wanampenda Mpendwa wa Wote kwa ukucha. Mama huyu ameanza kumpenda kwa kidole. Je, tumzuie?"

Bwana Ngwanda alipiga makofi, nasi tukapiga. Uamuzi wa tume ukasomwa palepale: kura ya Bi. Sikudhani inakua, na ni marufuku kwa mtu yeyote kukatiza ukuaji wake. Jioni redio ilitangaza habari hiyo katikati ya matangazo ya vifo. Nikaagizwa niandike kwenye daftari kwamba Wilaya ya Saba sasa ina kura 40,117 na robo.

Niliandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri wakati ule.

Wilaya nyingine ziliona wivu, na sishangai. Wilaya ya Tatu watu wawili walijichoma misumari kwenye ukucha wakitumaini kuteuliwa. Wilaya ya Tisa walikwenda mbali zaidi, wakamchoma mtu ambaye hakuwa ametumaini lolote.

Ijumaa hakuweza kuja kwenye hesabu, hivyo hesabu ikamfuata nyumbani. Nilikwenda mimi na Bwana Ngwanda na fundi wa redio. Kijani, ambacho sasa kilikuwa na weusi mwingi na michirizi myekundu, kilikuwa kimefika kiwiko.

"Hongera sana, mama," Bwana Ngwanda alimwambia.

Dada akamuuliza kama kibali kimetoka. Mkurugenzi alicheka, akamwambia kibali cha nini tena, mtu aliyefika hapo.

*

Jumamosi ilikuwa sherehe. Dada alivishwa gauni la kijani na kuketishwa juani, hatua chache kutoka jukwaa kuu, ili Mpendwa wa Wote amwone bila kugeuza shingo. Nilipangiwa kukaa naye kwa kuwa mkono hakuweza tena kuunyanyua mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuunyanyua kila kiongozi alipotaja mapenzi. Viongozi walikuwa kumi na wanne, na walitaja mapenzi mara nyingi. Kila nilipougusa ulikuwa wa moto zaidi, na harufu yake ilifika kwenye jukwaa, kwa sababu mke wa waziri alijifunika pua kwa programu ya sherehe.

"Wananchi!" alisema Mpendwa wa Wote. "Adui zetu wanasema mnanipenda kwa kuogopa. Muulizeni mama huyu! Hofu haiwezi kuingia ndani ya mwili wa mtu namna hii. Kitu kinachoingia mwilini, kikapita nyama, kikafika mfupani, hicho ni nini kama si mapenzi?"

Nikaunyanyua mkono. Uwanja ukalipuka kwa makofi.

"Mpeni kipaza sauti," akasema. "Mama, ongea na taifa."

Kipaza sauti kiliwekwa mdomoni mwake. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa, na kwanza alitoa pumzi tu, ikasikika uwanja mzima.

"Naomba daktari," alisema. "Jamani, nawaomba. Nitibieni kidole."

Watu wetu wamefundishwa kupiga makofi kila msemaji anapovuta pumzi. Walipiga. Walipiga kwa muda mrefu, wengine wakilia kwa furaha. Mpendwa wa Wote akainama kwa Bwana Ngwanda, kama ambaye hakusikia.

"Anasema nini?"

"Anaomba madaktari nao wapate kura kama yake, Mpendwa."

Mpendwa wa Wote aliguswa sana. Papo hapo akatangaza kujenga Hospitali ya Rufaa ya Kucha, ya kwanza duniani, na jiwe la msingi, lililokuwa limekuja naye kwenye gari lake, likawekwa pale pale. Dada alisogezwa kiti kidogo kulipisha. Mimi bado nilikuwa nimeushika mkono wake juu, nikisubiri ishara ya kuushusha.

*

Sherehe ilipokwisha sikungoja tena mtu. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Daktari Lukindo hakuuliza kibali. Alinawa mikono, akachukua koleo, akakaa karibu naye, akaangalia mkono, akaangalia bega, akasikiliza kifua. Kisha akalaza koleo kwenye sinia kama siku ile ya kwanza.

"Dakika kumi zile zilikuwa za siku ya tano," aliniambia. "Leo hata nikitoa mkono mzima sijui. Anahitaji hospitali ya mkoa, na damu, na dawa ambazo sina."

"Gari la wagonjwa?"

"Linasindikiza msafara."

Gari lilirudi Jumatatu saa nane mchana, limepambwa maua. Dada alifariki saa sita.

Kabla ya hapo alikuwa amepotewa na fahamu mara nyingi na kurudi, na kila aliporudi alikuwa anaongea mambo ya kazi, mikono ya sare, vifungo, uzi mweupe umekwisha. Mara ya mwisho alifungua macho vizuri, akanitambua.

"Mshamu, plaizi yangu iko wapi?"

"Ninayo, dada."

"Irudishe kwenye droo. Nikiihitaji nisiitafute."

Nikamwambia nitairudisha. Ilikuwa mfukoni mwangu wakati huo wote, uwanjani, kwenye kiti, nilipokuwa nanyanyua.

Kibali kilifika Jumanne asubuhi, kikiwa na mihuri kumi na mmoja. Mwombaji aliruhusiwa kung'olewa ukucha mmoja, kwa sharti kwamba awe na afya njema.

*

Bi. Mwanamkasi, aliyemwosha, aliniita pembeni na kunipa kitu kilichofungwa kwenye pamba. Ukucha ulikuwa umetoka wenyewe kwenye maji, bila mtu kuuvuta. Chini yake ilikuwa ncha ya sindano, ndogo kuliko punje ya mchele.

"Hiki tu?" Bi. Mwanamkasi aliniuliza. "Mshamu, ni hiki tu?"

Sheria yetu haisemi lolote kuhusu kifo cha mtu, lakini kuhusu ukucha iko wazi: kura ni ukucha, na ukucha ulikuwepo. Ukatiwa kwenye chupa ya spiriti, ukapewa namba. Ile robo ilizikwa naye, na tume ikasema haihitaji barua ya maelezo. Kura 40,117 zilitimia. Mimi nikapandishwa kuwa Karani Daraja la Kwanza kwa kutunza hesabu katika kipindi kigumu cha familia.

Mwaka huu tumefanya uchaguzi tena. Mpiga kura wa kwanza Wilaya ya Saba alikuwa dada yangu. Chupa ililetwa juu ya mto wa kijani saa moja asubuhi, waandishi wamejipanga, na mimi ndiye niliyeutoa ukucha kwa kibanio, nikauchovya kwenye chungu, nikaurudisha. Redio ikasema amepiga kura akiwa mtulivu na mwenye furaha. Bwana Ngwanda alinishika bega, akaniambia dada yako ni wa milele.

Nilirudi nyumbani nikalitoa lile shati. Sijawahi kulivaa. Kola imeshonwa nusu, na pale uzi unapokatika pana tone moja la damu lililokauka, la kahawia. Nililiweka mezani, nikaitoa plaizi mfukoni, kwa kuwa miaka yote mitatu sikuweza kuirudisha mahali nilipoambiwa niirudishe. Nikang'ata kanga yake. Nikaiweka saa mbele yangu ili nijue.

Sikuwa na ganzi, sikuwa daktari, na nilitumia mkono wa kushoto. Hazikutimia dakika mbili.

Ijumaa ni hesabu. Wilaya ya Saba itakuwa na kura 40,116, na karani ambaye hesabu yake imepungua anatakiwa kuandika barua ya maelezo. Nimeiandika, ndiyo hii mliyoisoma. Bwana Ngwanda atakapouliza ilikuwaje sindano ikakijua kidole chenye kura, mwambieni shati lilikuwa langu.

Plaizi nimeisafisha na nimeirudisha kwenye droo.